Ghala la grafu mtandaoni: linajengwaje, na kwa nini namba zikae pamoja na picha

Mwaka juzi niliweka kwenye ukurasa wetu grafu ya bei ya mahindi. Niliichora mwenyewe, kwa simu, usiku, baada ya kipindi. Nilitafuta mtandaoni mfano unaovutia, nikauona, nikauiga: nguzo za rangi ya chungwa, kila nguzo ni wiki moja, na nguzo ya mwisho fupi kama kisiki. Kulipokucha ilikuwa imeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Siku ya tatu akanipigia mama mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi. "Mwanangu, ile picha yenu ilionyesha bei imekufa. Nimeuza magunia yangu yote kwa yule wa lori. Leo nimefika sokoni, bei imepungua kidogo tu."

Sikumwelewa mpaka nilipoifungua tena ile grafu. Programu ya simu ilikuwa imekata sehemu ya chini ya nguzo zote na kuanza kupima juu juu, karibu na bei ya chini kabisa ya mwezi ule. Kwa hiyo tofauti ndogo ikaonekana kama mteremko wa mlima. Namba zilikuwa sahihi, ila picha ilisema jambo lingine. Na nilipotaka kuichora upya, namba sikuwa nazo. Nilizifuta baada ya kuweka picha, nikiamini kazi imekwisha.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia namna watu wa nchi mbalimbali wanavyojenga maghala ya pamoja ya grafu mtandaoni, mahali ambapo mtu anaweka mfano wake, mwingine anaukagua, wa tatu anauchukua na kuutumia kwa namba zake. Hapa kituoni nasi tumeanza kaghala kadogo. Kwa kuwa wengi mmekuwa mkiuliza hewani ni kitu gani hasa, nimeandika maelezo haya ili uyasome kwa nafasi yako.

Ghala la namna hiyo lina nini ndani

Grafu ni takwimu zilizogeuzwa kuwa mchoro. Tulizisoma shule ya msingi: nguzo, mistari, duara. Aliyezitangaza duniani ni Mskoti mmoja, William Playfair. Mwaka 1786 alitoa kitabu cha biashara ya Uingereza chenye michoro 44. Michoro 43 ilionyesha mambo yanavyobadilika mwaka hadi mwaka. Mmoja tu ulikuwa wa nguzo, wa biashara ya Scotland, na sababu yake ni kwamba Scotland alikuwa na namba za mwaka mmoja peke yake, asingeweza kuchora mstari. Grafu ya nguzo tunayoiona leo kila mahali ilizaliwa kwa upungufu wa namba. Ile ya duara aliitoa mwaka 1801.

Ghala la mifano linakusanya michoro ya aina hizo kutoka kwa watu wengi. Yapo yanayojulikana. Michael Friendly, profesa wa Chuo Kikuu cha York huko Toronto, Kanada, aliweka mtandaoni mkusanyiko wa grafu bora na grafu mbovu, akieleza kila moja imefaulu au imeharibika wapi. Napenda kwamba aliziweka mbovu pia, nitalirudia hilo. Lipo R Graph Gallery, lenye mamia ya mifano inayotengenezwa kwa R, lugha ya kompyuta ya bure iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. Ipo Wikimedia Commons, ghala la picha zinazotumiwa na Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili. Ilifunguliwa Septemba 2004 na sasa ina faili zaidi ya milioni 100, grafu zikiwemo. Na tangu mwaka 2018 kuna utaratibu uitwao TidyTuesday: kila Jumanne hutolewa fungu moja la takwimu, watu popote walipo wanalichora kila mtu kwa namna yake, kisha wanaonyeshana mchoro pamoja na jinsi walivyouchora.

Ukiyatembelea haya yote utagundua kwamba picha si mali kubwa ya ghala. Picha unaweza kuipata popote. Mali ni vile vinavyofungwa pamoja na picha: namba zenyewe, maelekezo ya kuchora, ruhusa ya kutumia, na maneno machache ya kueleza inasomwaje na inaweza kupotosha wapi. Mfano nilioiga mimi usiku ule haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Namba zikihifadhiwa, picha haifi

Chukua habari ya kipindupindu, ugonjwa ambao huku kwetu hauhitaji utangulizi. Mwisho wa Agosti 1854 ulilipuka mtaa wa Soho, London. Watu 616 wakafa. Wakati ule wakubwa wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, na baadaye akachora ramani, kila kifo kistari kimoja cheusi kwenye nyumba alimofia mtu. Vistari vilijazana kuizunguka pampu moja ya maji ya barabara ya Broad Street. Mpini wa pampu hiyo uling'olewa tarehe 8 Septemba. Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, maana watu walikuwa wameukimbia mtaa. Jambo hilo mara nyingi huachwa hadithi hii inaposimuliwa, nami naona si haki kuliacha.

Ramani ile ilichapwa mwaka 1855. Ingebaki picha tu kwenye kitabu. Lakini miaka ya 1990 kuna waliokaa wakaandika mahali pa kila kistari kwa namba: vifo 578 vilivyosomeka kwenye ramani, na pampu 13. Faili hiyo leo iko wazi. Mwanafunzi wa Dodoma au wa Bukavu anaweza kuipakua na kuichora upya, kupima kila kifo kiko umbali gani kutoka pampu ipi, hata kujaribu kupinga hoja ya Snow kama ana sababu.

Na utaona tofauti kati ya 616 na 578. Wote waliokufa si wote walioingia kwenye ramani. Ghala zuri linaliandika hilo chini ya picha. Ghala bovu linachagua namba moja na kunyamaza.

Mfano mwingine unatoka kwa mtu aliyefia Afrika. W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi, alihamia Ghana uzeeni kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah, akafariki Accra Agosti 1963. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1900, yeye na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta walichora kwa mkono grafu zipatazo 60 kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Paris. Zilionyesha hali ya watu weusi wa Marekani kizazi kimoja tu baada ya utumwa: ardhi waliyomiliki, shule, kazi, wangapi wanaishi mjini na wangapi shamba. Walipaka rangi nyekundu, njano, kijani na nyeusi. Baadhi ya mistari yao imejikunja kama konokono ili namba kubwa ienee kwenye karatasi.

Zilitunzwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, na kwa miaka mingi ni wachache waliozijua. Zilipowekwa mtandaoni bila kizuizi cha haki miliki, mambo yakabadilika. Mwaka 2021 watu walishindana kuzichora upya kwa kompyuta, kila mmoja akionyesha maelekezo yake, na namba zake zikagawiwa kwa wote kupitia ile TidyTuesday niliyoitaja. Waliojaribu walipata taabu kuiga hata zile rahisi kwa macho, kwa kuwa mkono wa binadamu unajikunja pale kompyuta inapotaka kunyooka.

Maelekezo ya kuchora

Picha bila maelekezo ni kama kuonja pilau ya harusi bila kuambiwa viungo. Unajua ni tamu, huwezi kuipika.

Katika maghala ya R, chini ya kila mchoro kuna maandishi yaliyoamuru kompyuta kuuchora. Unayanakili, unabadilisha namba, mchoro wako unatokea. Kwa mtu wa simu hayo si lazima. Programu ya majedwali ya kwenye simu inatosha kwa grafu za kawaida, na maelekezo yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: "Nguzo zinaanzia sifuri. Kila nguzo ni wastani wa bei za siku tatu za mnada. Wiki isiyo na mnada imeachwa wazi." Mistari mitatu hiyo ingemwokoa yule mama.

Kabla sijasahau, iko sababu ya kuchora hata pale wastani unapojulikana. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga mafungu manne ya namba, kila fungu jozi 11. Ukikokotoa wastani, yote manne yanalingana, na vipimo vingine vya kawaida vinakaribiana mno. Ukichora, moja linapanda kwa kawaida, la pili linapinda kama upinde, la tatu limenyooka ila nukta moja imetoroka, la nne limesimama wima na nukta moja iko pembeni kabisa. Vijiji viwili vinaweza kupata mvua ya wastani sawa, kimoja kikavuna, kingine mvua yake yote ikanyesha siku nne na kubeba mbegu.

Rafu ya grafu mbovu

Sasa lile la grafu mbovu. Nadhani rafu hii ndiyo yenye faida kubwa kwa msikilizaji. Mbovu inafundisha haraka kuliko nzuri, na unaweza kujaribu sasa hivi bila bando.

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 44.9. Ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Tafuta rula na vijiti viwili. Sema sentimita moja ni watu milioni 10. Kijiti cha kwanza kata sentimita 4 na nusu, cha pili sentimita 6 na kitu. Visimamishe. Cha pili ni kirefu, lakini unaona wazi kwamba hakijafika hata mara moja na nusu ya cha kwanza. Hiyo ndiyo hali halisi.

Sasa kata sentimita 4 kutoka chini ya kila kijiti, kama ilivyofanya ile programu ya simu yangu. Cha kwanza kimebaki nusu sentimita, cha pili sentimita 2 na kitu. Ghafla mwaka 2022 unaonekana mara nne ya mwaka 2012. Hakuna namba iliyoguswa.

Wako wanaosema basi kila grafu ianze na sifuri. Sikubaliani nao. Nguzo, ndiyo, kwa sababu jicho linapima urefu wake. Lakini grafu ya mstari ya joto la mgonjwa ikianzia sifuri, tofauti kati ya nyuzi 37 na 40 itaonekana kama mchubuko mdogo, na homa kali itapita bila kuonekana. Mstari unaruhusiwa kuanzia juu, mradi imeandikwa wazi unaanzia wapi.

Kosa lingine limejificha zaidi, nami nilichelewa kuligundua. Sensa za Tanzania baada ya uhuru zilifanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Angalia nafasi kati yake: miaka 11, 10, 14, 10, 10. Watu wengi wanaochora huweka miaka hiyo kwa nafasi zinazolingana, kama mashimo ya mahindi. Matokeo yake ni haya. Kati ya 1988 na 2002 tuliongezeka kutoka takriban milioni 23.1 hadi 34.4, yaani milioni 11 na zaidi. Kati ya 2002 na 2012 tuliongezeka kama milioni 10 na nusu. Ukiweka nafasi sawa, mstari unalala kidogo baada ya 2002 na utasema ongezeko lilipungua. Lakini kipindi cha kwanza kilikuwa cha miaka 14 na cha pili cha miaka 10. Kwa mwaka mmoja mmoja, ni kama watu 800,000 kipindi cha kwanza na zaidi ya milioni moja kipindi cha pili. Ongezeko lilikuwa limezidi. Grafu mbili, namba zile zile, habari zinazopingana, na anayepanga madarasa au zahanati anaweza kuamini ile isiyo sahihi.

Kwenye ghala letu tumeziweka mbili hizo pamoja, juu na chini, na chini yake jedwali la namba ili mtu akague mwenyewe.

Ruhusa

Kuona picha mtandaoni si ruhusa ya kuitumia. Maghala ya pamoja hutumia leseni zinazojulikana dunia nzima. CC0 maana yake mwenyewe ameachia kabisa, tumia upendavyo. CC BY, tumia ila umtaje aliyechora. CC BY-SA, mtaje, na ukibadilisha chochote nawe uachie wengine kwa masharti hayo hayo. Wikimedia Commons haipokei picha zenye sharti la "bila biashara", na hilo huwashangaza wengi wanaojitolea kazi zao kwa moyo safi lakini hawataki mtu achapishe kalenda za kuuza.

Ruhusa ina upande wa pili: watu walio ndani ya namba. Grafu ya marejesho ya mikopo ya kikundi cha watu tisa inaweza kumtaja mtu bila kuandika jina lake, kwa sababu kijiji kizima kinajua nani amechelewa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sisi tumeamua kwamba namba za afya na za mikopo za vikundi vidogo hatupokei kabisa, hata wahusika wakikubali. Mwenzangu mmoja kazini anaona tumezidi kuogopa. Huenda.

Picha inayofika kwenye simu yako

Grafu iliyochorwa kwa ajili ya kompyuta kubwa ikifika kwenye simu, maandishi yanakuwa kama chungu wamejipanga. Ikipitishwa kwenye makundi matano ya WhatsApp, kila mmoja akiipiga picha upya kutoka kwenye kioo chake, inazidi kufifia, na cha kwanza kupotea ni maandishi ya pembeni, yaani pale palipoandikwa inaanzia wapi na namba zimetoka wapi. Ukitaka kumtumia mwenzako grafu itume kama faili, isiende kama picha, au mtumie kiungo cha ukurasa.

Maghala mengi huhifadhi grafu kwa aina ya faili iitwayo SVG. Faida yake ni mbili. Kwa michoro ya kawaida huwa nyepesi, na ukiikuza haichafuki. Ya pili ndiyo inayotuhusu sana: maneno yaliyomo hubaki maneno, hayageuki rangi. Kwa hiyo mtu anaweza kufungua grafu iliyoandikwa Kiingereza au Kifaransa, akabadilisha maneno yawe ya Kiswahili, mchoro usiguswe. Wikimedia Commons ina chombo maalumu cha kufanya hivyo. Kijana mwenye bando la saa moja na Kiswahili safi anaweza kutafsiri grafu ya malaria ikasomeka kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi, bila kujua kuchora hata mstari mmoja.

Rangi nazo zina mtego. Wapo watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Grafu inayosema "mikoa ya kijani ni salama, myekundu ni ya hatari" kwao ni bure. Bluu na chungwa huwafaa zaidi.

Halafu kuna maelezo ya maneno. Ghala zuri linataka kila picha iwe na aya fupi inayoieleza kwa asiyeiona, kwa sababu simu ya mtu asiyeona husoma aya hiyo kwa sauti. Kwa mtangazaji hiyo ndiyo kazi ya kila siku. Ile ya sensa tuliieleza hivi: "Mstari unapanda kutoka kushoto kwenda kulia. Unaanza mwaka 1967 ukiwa na watu milioni 12, unafika 2022 ukiwa na karibu milioni 62. Unapanda kwa wastani mpaka 1988, kisha unazidi kusimama kila sensa." Ukishindwa kuieleza grafu kwa sentensi nne, mara nyingi tatizo liko kwenye grafu. Nimeacha kupandisha michoro kadhaa kwa sababu hiyo.

Ghala likifungwa

Mwaka 2007 kampuni ya IBM ilifungua Many Eyes, ukurasa ambao mtu yeyote aliweza kupakia takwimu zake, kuzichora na kujadiliana na wengine. Watu waliupenda sana. Mwaka 2015 ukafungwa. Aliyekuwa ameweka kazi zake pale peke yake alibaki na viungo visivyofunguka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kupeleka kazi yako kwenye ghala lolote, letu likiwemo, ni kama unaweza kuchukua kila kitu na kuondoka nacho. Sisi tunaweka nakala sehemu tatu: kwenye ukurasa, kwenye diski ofisini, na karatasi iliyochapwa ndani ya faili la kadibodi. Wenzangu walicheka kuhusu karatasi. Namba za Snow zilivuka miaka 140 zikiwa kwenye karatasi.

Ukitaka kuleta mfano wako

Tunachokihitaji zaidi si michoro, ni madaftari. Hasa ya mvua. Wapo wakulima wenye vipima mvua shambani ambao wameandika kwa miaka, na kazi yao haionekani popote. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, kwa hiyo daftari hilo linakwambia shamba lako lilikunywa kiasi gani.

Piga picha kurasa zote, hata zenye madoa. Tuambie ulipima saa ngapi. Kawaida ni saa 3 asubuhi, na kilichopatikana hapo ni mvua ya saa 24 zilizopita, basi sema kama uliiandika kwa tarehe ya jana au ya leo. Kama siku fulani hukupima, usiandike sifuri. Sifuri maana yake ulikwenda ukakuta kipimo kikavu. Usipokwenda, andika "sikupima." Kwenye mchoro vitu hivi viwili vinatofautiana kama njaa na kufunga: kimoja kimetokea, kingine umekichagua.

Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida na Tabora, tunachora kwa msimu, hatuchori kwa mwaka wa kalenda. Mvua inayoanza Novemba na kuisha Aprili ukiikata tarehe 31 Desemba, utajumlisha mwisho wa msimu mmoja na mwanzo wa mwingine, na mwaka wa njaa utaonekana wa neema. Hilo pia tumeliweka kwenye rafu ya mbovu.

Ile grafu yangu ya mahindi nayo iko huko, pamoja na maelezo ya kosa. Namba zake nilizipata tena kwa mzee mmoja mwenye mizani sokoni, aliyekuwa anaandika bei kila siku ya mnada nyuma ya daftari la mtoto wake la hesabu. Nguzo sasa zinaanzia sifuri. Mnada mmoja hakuandika, alikuwa msibani, na hapo pameachwa pengo. Yule mama nilimtumia kiungo. Alijibu kwa ujumbe mfupi kwamba ameiona, na kwamba msimu ujao atanipigia kwanza kabla ya kumfungulia yule wa lori.